Uzi wa joto fiche: kwa nini kipimajoto kinasimama na moto bado unawaka

Pima_Upya (mwanzisha uzi)

Wakuu, maswali ya joto fiche yanaonekana mepesi, lakini yanaangusha hata wanaojua fomyula kwa moyo. Nimefungua uzi huu tuyachambue kwa hesabu na kwa vifaa vya maabara. Joto fiche ni lile linalobadilisha hali ya kitu, mfano barafu kuwa maji au maji kuwa mvuke, bila namba ya kipimajoto kusogea.

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Katika mazungumzo ya kawaida "joto" hubeba mambo mawili: nishati inayohama kutoka kitu cha moto kwenda cha baridi, na ile namba inayosomwa kwenye kipimajoto. Humu tuite la kwanza joto (kwa jouli) na la pili halijoto (kwa digrii). Ukiyachanganya, sentensi hii haitakuingia: barafu ya 0 °C inapokea joto muda wote inapoyeyuka, na halijoto yake haipandi hata nukta moja mpaka kipande cha mwisho kiishe.

Joto hilo linakwenda wapi? Linalegeza vifungo vinavyozishika molekuli mahali pake. Mwendo wa molekuli kwa wastani haujaongezeka, kwa hiyo kipimajoto hakina kipya cha kusoma. Jina letu limekaa vizuri: limefichika machoni pa kipimajoto tu. Maji yakiganda, linatoka lote, jouli kwa jouli.

Namba za kufanyia kazi, kwa maji katika kanieneo ya kawaida ya angahewa:

Barafu: joto maalumu (joto la kupandisha kilo moja kwa digrii moja) 2,100 J kwa kila kilo kwa kila digrii
Maji: 4,200 J kwa kila kilo kwa kila digrii
Kuyeyuka kwa barafu: 334,000 J kwa kilo
Maji kuwa mvuke: 2,260,000 J kwa kilo

Sasa chukua gramu 100 za barafu ya −10 °C, uipeleke mpaka iwe mvuke wa 100 °C. Usitafute fomyula moja ya kuimaliza safari yote, haipo. Kata safari vipande:

Barafu kutoka −10 hadi 0: 0.1 × 2,100 × 10 = 2,100 J
Kuyeyuka kwenye 0: 0.1 × 334,000 = 33,400 J
Maji kutoka 0 hadi 100: 0.1 × 4,200 × 100 = 42,000 J
Kugeuka mvuke kwenye 100: 0.1 × 2,260,000 = 226,000 J

Jumla 303,500 J. Angalia mstari wa mwisho: peke yake umebeba karibu robo tatu ya joto lote, na katika hatua hiyo halijoto haikusogea.

---

Mvuke_Mkavu

Naongezea kitu kwa wanaoulizwa kuchora grafu ya safari hiyo. Wengi wanachora ngazi yenye vipande vilivyolingana. Hiyo si grafu ya maji. Tuseme hita ni ya wati 500 na hakuna joto linalopotea. Gawanya kila hatua kwa 500:

Barafu kupanda hadi 0: sekunde 4.2
Kuyeyuka: kama sekunde 67
Maji kupanda hadi 100: sekunde 84
Kugeuka mvuke: sekunde 452

Kwa hiyo mstari wa kwanza ni kama unasimama wima, ubapa wa 0 °C (kipande cha grafu kilicholala) unazidi dakika moja kidogo, na ubapa wa 100 °C unachukua dakika saba na nusu. Mteremko nao una maana: mstari wa barafu ni mkali mara mbili kuliko wa maji, kwa kuwa 2,100 ni nusu ya 4,200. Mchoro wenye mistari hiyo miwili sambamba una kosa, hata kama majibu ya hesabu ni sahihi.

---

Jouli_kwa_Jouli

Mwalimu Pima_Upya, umeeleza vizuri, ila kuna mtego ambao njia ya kukata vipande peke yake haiuzuii. Nauweka hapa:

Barafu gramu 100 ya 0 °C inatiwa kwenye maji gramu 200 ya 30 °C. Chombo hakichukui joto. Halijoto ya mwisho ni ngapi?

Mwanafunzi anaandika moja kwa moja: joto lililopokelewa = joto lililotolewa.

33,400 + 0.1 × 4,200 × T = 0.2 × 4,200 × (30 − T)
33,400 + 420T = 25,200 − 840T
T = −6.5 °C

Aljebra haina kosa hata moja, na jibu haliwezekani. Mlinganyo umedai kwamba barafu yote imeyeyuka, kisha ukatoa maji yaliyo chini ya 0 °C.

---

Pima_Upya

Ahsante sana, huo ndio moyo wa jambo. Kabla ya kuandika T popote, uliza: je, maji yana joto la kutosha kuiyeyusha barafu yote?

Maji yakishuka mpaka 0 °C yanaweza kutoa: 0.2 × 4,200 × 30 = 25,200 J
Barafu yote inadai: 33,400 J

Hayatoshi. Basi halijoto ya mwisho ni 0 °C, na swali limegeuka: barafu kiasi gani imeyeyuka? 25,200 ÷ 334,000 = kilo 0.0754, yaani gramu 75.4. Zinabaki gramu 24.6 zinaelea kwenye maji ya 0 °C. Hilo ndilo jibu kamili, na linahitaji vyote viwili, halijoto na kiasi cha barafu iliyobaki.

Ukaguzi huu una mistari miwili. Uandike hata pale unapoona wazi kwamba maji yanatosha, maana msahihishaji anataka kuona umeijengea hoja dhana yako kwamba barafu imeisha.

---

Kikorogeo

Tuingie maabara. Njia ya kuchanganya, ya kupima joto fiche la barafu kuyeyuka, inafanyika kwa vifaa vichache: kopo la shaba nyekundu (kalorimita) lenye koti la pamba na kifuniko, kipimajoto, kikorogeo, mizani, karatasi ya tishu, barafu.

1. Pima kopo tupu pamoja na kikorogeo. Tuseme gramu 80, vyote vya shaba.
2. Tia maji kama gramu 150, upime tena.
3. Maji yawe yamepashwa digrii 5 juu ya halijoto ya chumba. Chumba kikiwa 25 °C, anza na 30 °C.
4. Acha barafu nje mpaka ianze kulowa juu. Hapo ndipo una uhakika iko 0 °C. Barafu iliyotoka sasa hivi kwenye friza inaweza kuwa −15 °C au chini zaidi, na hesabu yako haina hatua hiyo.
5. Kausha kila kipande kwa tishu, utie kimoja kimoja bila kurusha maji, ukikoroga muda wote. Shika barafu kwa tishu au koleo. Vidole vinaiyeyusha.
6. Simama halijoto inapokaribia 20 °C na barafu yote imeisha. Soma halijoto ya chini kabisa iliyofikiwa.
7. Pima kopo na vyote vilivyomo. Tofauti na kipimo cha hatua ya 2 ndiyo barafu uliyotia. Usiipime barafu peke yake mwanzoni, kwa sababu itayeyuka ikiwa juu ya mizani.

Namba mnazopaswa kukaribia: kopo linatoa 0.080 × 390 × 10 = 312 J (390 ni joto maalumu la shaba), maji yanatoa 0.150 × 4,200 × 10 = 6,300 J, jumla 6,612 J. Hizo zinayeyusha barafu, kisha zinayapasha maji yake kutoka 0 hadi 20 °C. Kila gramu inadai 334 + 84 = 418 J. Kwa hiyo barafu inayohitajika ni kama gramu 15.8. Ukijua hili mapema hutatia bonge la gramu 60 ukashangaa limebaki linaelea.

---

Shaba_Nyekundu

Mkuu Kikorogeo, kwa nini digrii 5 juu na 5 chini? Vitabu vingi vinaitaja bila kueleza.

---

Kikorogeo

Kopo likiwa na joto kuliko chumba, linapoteza joto kwa chumba. Likiwa baridi kuliko chumba, linapokea. Ukianza juu na kumalizia chini kwa kiasi kilekile, kilichopotea nusu ya kwanza kinakaribia kurudishwa nusu ya pili. Hakiwi sawasawa kabisa, kwa sababu barafu inayeyuka haraka mwanzoni na polepole mwishoni, kwa hiyo kopo linakaa muda mrefu zaidi upande wa baridi. Ndiyo maana nasisitiza vipande vidogo na kukoroga bila kuacha: muda ukifupishwa, hata kisicholingana kinakuwa kidogo.

Halafu usishuke sana. Kopo likipoa kupita kiasi, unyevu wa hewa unageuka matone ya maji nje yake. Matone hayo yanaleta madhara mawili kwa pamoja: yanaongeza uzito kwenye mizani, na unyevu huo unapogeuka maji unalipatia kopo joto lake fiche.

---

Jouli_kwa_Jouli

Hapa kuhusu kukausha barafu tupige hesabu, kwa sababu wengi wanaona ni usafi tu. Tuseme katika kila gramu 10 ulizotia, gramu 1 ilikuwa tayari maji ya 0 °C. Maji hayo hayakuhitaji kuyeyushwa, lakini wewe umeyahesabu kama barafu. Joto halisi lililotumika kuyeyusha ni la gramu 9, nawe unaligawa kwa 10. Jibu lako litakuwa 0.9 × 334 = 301 J kwa gramu. Yaani asilimia 10 ya maji inashusha jibu kwa asilimia 10 kamili.

Kwa hiyo ukipata jibu dogo, tazama kwanza tishu, au kopo lililokuwa likipokea joto la chumba. Ukipata jibu kubwa, kuna mawili: barafu ilikuwa chini ya 0 °C, au kopo lilikaa muda mrefu likiwa na joto kuliko chumba.

Kosa la kipimajoto lina upande wowote, na ndilo kubwa kuliko yote. Kikisomwa kwa makadirio ya nusu digrii mwanzo na mwisho, tofauti ya digrii 10 inaweza kupotoka kwa digrii nzima. Hiyo ni asilimia 10 ya zile 418, sawa na 42 J, na zote zinaangukia kwenye joto fiche: 334 inakuwa 292 au 376. Mizani ya 0.1 g haiwezi kukuharibia hivyo. Kama kuna kifaa kimoja cha kubadilisha, badilisha kipimajoto.

---

Mvuke_Mkavu

Kwa upande wa mvuke, adui ni yuleyule, maji yaliyojificha. Ukipeleka mvuke kwa mpira kutoka chupa inayochemka hadi kwenye kalorimita, sehemu yake inageuka maji njiani. Matone hayo yakifika yanahesabiwa kama mvuke, na jibu linashuka. Dawa ni kuweka mtego wa maji kati ya chupa na kalorimita: chombo kidogo chenye kizibo cha matundu mawili, neli ya kuingiza mvuke na ya kuutoa, ili matone yabaki chini na mvuke mkavu utoke juu. Funga mpira kwa kitambaa, uufupishe, na uache mvuke upite hewani dakika kadhaa kwanza ili mpira upate moto.

Makadirio: maji gramu 200 kwenye kopo lile la gramu 80, kutoka 20 hadi 40 °C, yanapokea 17,424 J pamoja na kopo. Kila gramu ya mvuke inatoa 2,260 inapogeuka maji, kisha 252 nyingine inapopoa kutoka 100 hadi 40. Jumla 2,512. Kwa hiyo mvuke ni kama gramu 6.9 tu. Tofauti ndogo hivyo inataka mizani ya 0.01 g. Na ile 252 ndiyo watu wanaisahau.

Jingine muhimu kwa usalama. Ule moshi mweupe juu ya birika si mvuke, ni matone madogo ya maji. Mvuke wenyewe hauonekani, uko pale mdomoni kabla weupe haujaanza. Gramu moja ya mvuke ikigusa ngozi ya 37 °C inatoa 2,260 + 265 = 2,525 J. Gramu moja ya maji ya 100 °C inatoa 265 tu. Ni karibu mara tisa na nusu. Ondoa mpira kwenye kalorimita kabla ya kuzima moto pia, la sivyo chupa ikipoa itafyonza maji ya kalorimita kurudi ndani.

---

Shaba_Nyekundu

Kuna njia ya umeme inayoondoa hesabu ya kopo kabisa. Faneli mbili zilizojaa barafu iliyopondwa, kila moja juu ya bika lake. Zote zina hita ndani, ila moja tu ndiyo inayowashwa. Ya pili inakuonyesha chumba kimeyeyusha kiasi gani.

Hita ya wati 50 kwa dakika 5 inatoa 15,000 J. Bika la hita likikusanya gramu 52 na la kulinganisha gramu 7, barafu iliyoyeyushwa na hita ni gramu 45: 15,000 ÷ 45 = 333 J kwa gramu. Usipotoa zile 7 utapata 288.

Yanayoharibu ni mawili. Hita isipofunikwa yote na barafu, sehemu ya juu inapasha hewa. Na ukizima hita ukaondoa bika papo hapo, hita bado ina joto. Endelea kukusanya kwenye mabika yote mawili mpaka matone yadondoke kwa kasi moja.

---

Pima_Upya

Ya mvuke kwa umeme ina ujanja mzuri zaidi, na naupenda kwa sababu hauhitaji kujua joto linalopotea ni kiasi gani. Chemsha maji kwa hita, pima yaliyopungua kwa muda fulani, kisha rudia kwa nguvu tofauti, muda uleule. Chombo kiko 100 °C mara zote mbili, kwa hiyo kinachopotea kwa chumba kwa dakika 10 ni kilekile. Ukitoa mlinganyo mmoja kwenye mwingine, upotevu unafutika:

L = (P1 − P2) × t ÷ (m1 − m2)

L ni joto fiche, P ni nguvu ya hita, t ni muda, m ni maji yaliyopungua.

Mfano: wati 100 zinapunguza gramu 23.9 kwa sekunde 600, wati 60 zinapunguza gramu 13.3. L = 40 × 600 ÷ 10.6 = 2,264 J kwa gramu. Ukitumia jaribio la kwanza peke yake: 60,000 ÷ 23.9 = 2,510. Usianze kuhesabu sekunde mpaka maji yachemke kwa utulivu.

---

Neli_ya_Majaribio

Grafu ya kupoa haijaguswa, na huwa inatahiniwa. Naftalini inaganda kwenye 80 °C na ilitumika miaka mingi, ila mvuke wake una madhara. Asidi ya steariki ni salama zaidi, inaganda karibu na 69 °C ikiwa safi. Inayouzwa kwa kawaida imechanganyika na asidi ya palmitiki, hivyo ubapa wake unakuwa chini ya hapo na unainama kidogo. Usiinyooshe kwa rula kwa sababu umekariri 69. Chora ulichosoma.

Itie kwenye neli ya majaribio, uiyeyushe kwa maji ya moto kwenye bika, usiiweke neli juu ya mwali. Fikisha kama 85 °C, toa neli, soma kila nusu dakika mpaka 50 °C. Wakati mwingine halijoto itashuka chini ya ubapa kisha ipande ghafla. Si kosa la kusoma: kimiminika kilipoa bila kupata pa kuanzia kuganda, na fuwele za kwanza zilipotokea joto fiche likairudisha halijoto juu. Mwisho, kipimajoto kikishikwa na kilichoganda usikivute. Rudisha neli kwenye maji ya moto.

---

Shaba_Nyekundu

Swali moja. Kwenye ubapa wa kupoa, neli haipotezi joto? Halijoto haishuki.

---

Neli_ya_Majaribio

Inapoteza vilevile, karibu kwa kasi ileile, kwa kuwa tofauti yake na chumba haijabadilika. Kinachopotea kinafidiwa na joto fiche linalotolewa na sehemu inayoganda. Fidia ikiisha, mstari unaanza kushuka. Anayeandika "kwenye ubapa hakuna joto linalotoka" amekosea kabisa.

---

Jouli_kwa_Jouli

Kwa nini mvuke unadai karibu mara saba ya kuyeyuka? Kuyeyuka kunalegeza molekuli, nazo zinabaki zimegusana. Kuchemka kunazitenganisha kabisa. Na zikitoka lazima ziisukume angahewa: kilo moja ya maji inakuwa mvuke wa mita za ujazo 1.67, na kusukuma hewa ya paskali 101,000 kiasi hicho ni kazi ya kama jouli 169,000. Hiyo ni asilimia 7 na nusu ya 2,260,000. Iliyobaki yote ni ya kukata vifungo.

Historia kidogo, maana inasaidia kukumbuka. Mwanasayansi Joseph Black, akiwa Glasgow, Uskoti, mwanzoni mwa miaka ya 1760, alitundika ukumbini chupa mbili, moja ya maji yaliyokaribia kuganda na moja ya barafu. Maji yalipanda digrii 7 za Farenhaiti kwa nusu saa. Barafu ilihitaji vipindi 21 vya nusu saa kufika hapohapo. Bila hita wala saketi, kwa saa na kipimajoto, alipata thamani iliyopungukiwa na ya leo kwa asilimia chache tu.

---

Mvuke_Mkavu

Naacha zoezi. Mvuke wa 100 °C unaingizwa kwenye barafu gramu 50 ya 0 °C mpaka maji yafike 40 °C. Chombo kisihesabiwe. Maji yote mwishoni ni gramu ngapi?

---

Shaba_Nyekundu

Barafu: 50 × (334 + 168) = 25,100 J. Kila gramu ya mvuke inatoa 2,260 + 252 = 2,512 J. Mvuke ni gramu 10 kasoro kidogo sana, kwa hiyo maji yote ni gramu 60.

---

Mvuke_Mkavu

Sahihi. Na uone kwamba ukaguzi wa Pima_Upya hapa umeshafanyika kwenye swali lenyewe: 40 °C iko juu ya 0 na chini ya 100, basi barafu imeisha yote na mvuke umegeuka maji wote. Swali likikupa gramu za mvuke badala ya 40 °C, rudi kwenye mistari miwili ya ukaguzi, mara hii kwa pande zote mbili: barafu inaweza kubaki, na mvuke pia unaweza kubaki.